Muhuri Uliovuka Mpaka

Muhuri wa wakili Lyman Orcutt ulikuwa wa chuma cheusi, mzito kama pasi, na mpini wake ulikuwa umelegea. Ili uikamate karatasi sawasawa ilibidi aubane kwa viganja vyote viwili huku amekunja uso kama mtu anayeng'oa jino. Nayajua haya kwa sababu aliubana juu ya meza yangu, Oktoba ya mwaka 1875, meza ambayo nilikuwa nimetoka kuipangusa unga. Tolman alitia saini, mke wake akatia saini, nami nikaandika Rozalie Vesela kwa herufi nilizofundishwa shuleni kwetu Bohemia kabla sijavuka bahari. Orcutt akazitazama zile herufi.

"Bibi Vesela," akasema, "mwandiko wako unanitia aibu."

Kisha akabana. Karatasi ikatoa mlio mdogo, na ekari themanini za Tolman zikawa zangu. Akina Tolman walipanda mkokoteni wao siku ile ile wakarudi Iowa, maana nzige walikuwa wamekula kila kitu chao hadi mipini ya majembe iliyolowa jasho, na mke wake alikuwa ameapa kwamba hatalala usiku mwingine mmoja Nebraska. Nilimpa mkate wa njiani. Alilia, si kwa ajili yangu.

Wakati huo Orcutt alikuwa na miaka minne kwetu. Alikuja kutoka Ohio amepanda farasi jike mzee, vitabu vyake kumi na vinne vya sheria vikimfuata ndani ya pipa la unga kwenye gari la mizigo. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi, na kila mteja alitoka pale akinuka ngozi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kuinama, na koti lake lilikuwa na viraka vya rangi tatu kwenye viwiko, kila kiraka kimeshonwa vibaya, maana alivishona mwenyewe. Alitetea kesi za nguruwe aliyevunja ua, za moto wa nyikani uliotoka kwa jirani, za kisima kilichochimbwa karibu mno na cha mwenzake. Akishinda alinyamaza. Akishindwa alikwenda kwa mteja wake kumsaidia kazi siku moja, na watu wakasema afadhali ashindwe.

Hakuwa wakili wa kukaa ofisini angoje watu. Nani angeacha mavuno asafiri maili ishirini kwenda kugongewa muhuri? Yeye ndiye aliyetufuata. Muhuri ulikaa mfuko wa kushoto wa tandiko, umefungwa ndani ya soksi ya sufu. Wino ulikaa mfuko wa kulia, ila wakati wa baridi aliutia kwapani usigande. Alitushuhudia hati zetu penye miganda ya ngano, kwenye kinu cha kusaga, mara moja juu ya jeneza. Mawakili wote wa huku nyikani walifanya hivyo. Hatukujua namna nyingine.

Lakini kibali alichopewa na serikali kilisema jambo moja, na kililisema wazi. Alikuwa na mamlaka ya kushuhudia hati ndani ya Wilaya ya Dunmore tu. Akivuka mpaka, muhuri wake ulikuwa kipande cha chuma.

Na mpaka ulikuwa wapi? Kila mtu alijua. Mpaka ulikuwa kijito cha Plum, maili mbili magharibi ya nyumba yangu. Ng'ambo ya kijito ni Wilaya ya Ketchum, upande huu ni Dunmore. Wapima ardhi wa serikali walikuwa wamepigilia vigingi zamani, lakini nchi yetu haikuwa na mti hata mmoja, na nyati wakiwashwa hujikuna kwenye chochote kilichosimama. Waliviangusha. Vilivyobaki ng'ombe wetu walivimaliza, na moto wa mwaka 1872 ukachoma vilivyolala. Basi tukashika kijito. Hata kodi tulilipa kwa kufuata kijito.

Agosti ya 1878 akaja Crandall Veitch.

Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa hata penye vumbi, mnunuzi wa ardhi kwa niaba ya kampuni moja ya huko mashariki. Reli ilikuwa inakuja na kila aliyekuwa na akili alijua itapita karibu na Plum. Alikaa mezani kwangu, akanywa kahawa yangu ya shayiri bila kukunja uso, akaniuliza kama nauza. Nikamwambia siuzi. Akashukuru, akavaa kofia. Baada ya wiki tatu nikaletewa karatasi ya mahakama. Veitch alikuwa amekwenda Iowa, amempata Tolman, na kununua kwake ekari themanini zile zile kwa mara ya pili. Karatasi ilidai kwamba mpaka wa kweli wa wilaya ulikuwa mashariki ya nyumba yangu na si magharibi. Kwa hiyo Orcutt alinigongea muhuri akiwa Ketchum, mahali asipokuwa na mamlaka. Kwa sheria zetu, hati ya shamba la mtu mwenye mke, isiposhuhudiwa na mtu mwenye mamlaka mahali pale, ni sawa na barua ya mapenzi.

Nilifunga farasi nikaenda kwa Orcutt. Aliisoma mara mbili.

"Inaweza kuwa uongo?" nikamwuliza.

"Inaweza. Tukachimbe."

"Tukachimbe nini?"

"Makaa," akasema. "Mpima ardhi wa serikali akiweka kigingi kwenye nchi isiyo na mawe, huzika makaa chini yake. Kigingi huoza, makaa hayaozi."

Tulikwenda watu watano: Orcutt, mimi, Veitch na mpimaji wake mwenye mnyororo wa kupimia, na jirani yangu Hezekiah Stroud, mzee mwenye ndevu za njano za tumbaku, ambaye alikuja kwa sababu hakuna jambo lililopita kwetu yeye asiwepo. Mpimaji akapima. Orcutt akavua koti, akachukua sepetu mwenyewe. Shimo la kwanza, udongo. La pili, udongo na mfupa wa nyati. Stroud akasema, "Basi, wakili, umemaliza, twende tukanywe." Orcutt akasogea hatua nne na kuanza la tatu. Jua lilikuwa kali, shati lake limelowa mgongo mzima. Kina cha goti, sepetu likatoka na weusi.

Akapiga magoti. Akaokota kipande, akakisugua kwenye kiganja, kikaandika mstari mweusi. Tulikuwa nusu maili mashariki ya mlango wangu.

Veitch akasema kwa upole kabisa, "Wakili, ungeacha kwenye shimo la pili."

"Ningeacha, wewe ungechimba la tatu."

Stroud akatema mate. "Bibi Vesela," akaniambia, "ukipata wakili mkweli, mkaushe umtundike ghalani, watu waje kumtazama. Maana wa aina hii hawadumu."

Sikucheka. Veitch na mtu wake walipokwisha kuondoka, Orcutt alisimama mbele yangu mikono ikiwa myeusi.

"Nimekukosea," akasema. "Wewe na wengine thelathini na mmoja. Nimehesabu njiani. Hati thelathini na mbili nilizibana kati ya hapa na kijito."

"Bwana Orcutt," nikamwambia, "mume wangu alikufa kisimani akinitafutia maji, na sikulia mbele za watu. Usinifanye nilie leo. Niambie tunafanya nini."

Alipangusa mikono kwenye nyasi. Panzi walikuwa wakilia.

"Jaji hawezi kuigeuza sheria," akasema mwishowe. "Bunge la jimbo linaweza. Linaweza kutunga sheria ya kusema hati zilizoshuhudiwa kwa nia njema upande usio sahihi wa mpaka ni halali tangu siku ziliposhuhudiwa. Kesi yako ni Jumatatu ya tatu ya Machi. Bunge linakaa Januari. Nitakwenda Bungeni."

"Lini ulichaguliwa?"

"Bado. Uchaguzi ni Novemba."

Stroud akaangua kicheko hadi akakohoa.

Alianza siku iliyofuata. Nimesikia wagombea wengi maishani mwangu, na wote husimama mbele ya watu kueleza mema yao. Orcutt alisimama kwenye shule ya Plum, akainama ili kichwa kisigonge dari, akasema: "Mnaonifahamu mnajua kazi yangu. Nimeifanya vibaya. Nilisikia mpaka uko kijitoni, nikaamini, sikupima. Kwa hiyo jamaa thelathini na wawili wanalima mashamba wasiyokuwa na hati zake. Nipelekeni Bungeni Lincoln nikarekebishe. Kama hamniamini tena, msinipeleke, lakini yeyote mtakayemchagua mfanyeni aape kwamba atarekebisha."

Mpinzani wake, mwenye duka la mbao, akasimama na kusema kwamba hajawahi kusikia mtu akiomba kazi kubwa kwa kuharibu ndogo.

"Nami sijawahi kusikia," Stroud akapaza sauti kutoka nyuma, "mtu akimwaga maziwa halafu tukamwita jirani apige deki! Aliyemwaga ndiye apige!"

Watu wakacheka, na nafikiri pale ndipo aliposhinda. Mimi sikuwa na kura, sisi wanawake hatukuwa nayo. Nilikuwa na mkokoteni. Siku ya uchaguzi, theluji ya kwanza ikianguka, nilichukua wanaume tangu asubuhi hadi jioni, na kwenye kiti cha nyuma niliweka chungu cha maandazi ya kuchemsha yenye boga ndani, kimefunikwa blanketi. Anayekwenda kupiga kura alikula. Sikumwuliza atampigia nani. Orcutt alishinda kwa kura sitini na tatu.

Mapema Februari akaniandikia kwamba kamati ya Bunge inataka kumsikia mmoja wa wenye hati. Nikawaacha mabinti zangu wawili kwa mke wa Stroud, nikaoka dazeni tatu za kolache, vile vimkate vitamu vya kwetu Bohemia, vyenye plamu kavu, nikapanda treni. Nililala nyumba ya wapangaji ya Bi Hanratty, Mwairishi mwenye mikono minene na ulimi mkali, karibu na jengo la Bunge. Orcutt alikuwa na chumba cha darini humo humo. Alikuwa amekonda. Vitabu vyake sita vilikuwa kitandani, na yeye analala sakafuni.

Kwenye kamati niliulizwa maswali manne. Niliwajibu. Lakini aliyezungumza zaidi ni Kanali Pruett, mheshimiwa kutoka mji mmoja wa ukingoni mwa mto Missouri, wakili wa makampuni, mwenye sharubu nyeupe zilizopakwa mafuta na sauti ya kengele.

"Nimeuelewa muswada huu," akasema. "Mheshimiwa Orcutt amechafua nguo zake, na sasa anaomba Bunge zima limfulie."

Watu wakacheka. Orcutt akasimama.

"Ndivyo hasa, Kanali. Ni chafu, na ni zangu. Nimezileta mchana kweupe ili kila mtu azione. Ila waliozivaa ni watu thelathini na wawili ambao hawakuzichafua."

Gazeti la asubuhi iliyofuata liliandika kichwa cha habari: Wakili Asiyejua Wilaya Yake. Bi Hanratty alilikunja akawashia jiko, lakini Orcutt alikuwa ameshalisoma. Alimaliza uji wake bila haraka, akapangusa kijiko.

"Wameandika jina langu sawasawa," akasema. "Wengi hukosea."

Siku ya Jumanne nilikaa roshani ya wageni kutazama kura ikipigwa. Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wabunge walikuwa themanini na wanne. Muswada ulihitaji nusu yao na mmoja ili upite. Lakini sheria iliyopitishwa hivyo ilikuwa haianzi kufanya kazi mpaka miezi mitatu baada ya Bunge kufungwa, yaani mwishoni mwa Mei, na kesi yangu ilikuwa Machi. Ili ianze mara moja, zilihitajika theluthi mbili. Kura hamsini na sita.

Karani akaita majina. Nilikuwa na uzi na sindano za kufuma, nikatia kishono kimoja kwa kila ndiyo. Nilipata arobaini na tisa.

Spika akatangaza kwamba kifungu cha kuanza mara moja kimeanguka. Orcutt akasimama, akaomba kura irudiwe siku nyingine. Pruett akasema Bunge lina kazi za maana kuliko mpaka wa kijito. Wakabishana. Mwishowe Spika, mzee aliyechoka, akasema, "Alhamisi, saa nne. Baada ya hapo sitaki kuusikia tena."

Tuliposhuka ngazi nikamwambia, "Kura saba."

"Saba," akasema. "Na siku moja na nusu."

Jumanne jioni alitembea. Alikwenda hoteli mbili, mikahawa, nyumba zote za wapangaji. Aliwaendea kwanza wabunge waliokuwa mawakili, naye alimwuliza kila mmoja swali moja tu: wewe hukuwahi kubeba muhuri wako kwenye tandiko? Wawili wakasema watambadilishia kura. Mmoja akamfungia mlango. Mmoja akakaa kitandani na kusema, "Ee Mungu wangu, hati za bonde zima," na huyo akawa wa tatu. Wanne wakabaki, na ndio waliokuwa marafiki wa Pruett, wasiopiga kura bila kumtazama.

Jumatano asubuhi nilikuwa jikoni namsaidia Bi Hanratty kumenya viazi. Sikupenda kukaa bure.

"Huyo Kanali wenu," akasema, "anajidai leo. Mimi namfahamu tangu hana sharubu. Nilinunua nyumba yangu ya kwanza kule kwao mtoni, na yeye ndiye aliyenigongea muhuri. Unajua wapi? Kwenye kivuko! Alikuwa na meza yake kwenye kivuko, watu wakivuka anawashuhudia hati zao, wakifika ng'ambo wameshamaliza. Kila Jumamosi. Upepo ulimchukulia kofia, ikaenda na maji, nikacheka nusura nianguke."

Kisu changu kikasimama.

"Bi Hanratty, mle mtoni katikati ni wilaya gani?"

"Mtoni?" akasema. "Mwanangu, mle hata jimbo ni gani hakuna ajuaye. Na mto wenyewe ulihama mwaka ule wa mafuriko, ukaiacha nusu ya mji ng'ambo ya pili."

Niliacha viazi. Nilimkuta Orcutt kwenye ukumbi wa Bunge, nikamweleza yote nikiwa na aproni bado kiunoni. Alisikiliza, akakaa kwenye benchi. Nikadhani atafurahi.

"Kesho saa nne simama useme," nikamwambia. "Mbele ya wote. Kama alivyokufanyia."

"Hapana."

"Hapana nini? Shamba ni langu!"

"Ni lako," akasema, "ndiyo maana sitaki. Nikimwaibisha mbele ya watu, atapigana hadi kufa, na marafiki zake wanne watakufa naye. Nataka kura zao. Aibu yake nitaipeleka wapi?"

Nilikasirika. Nakiri nilikasirika, kwa sababu nilitaka zote mbili. Lakini nilikaa naye kwenye benchi nikatoa ufumaji wangu, tukangoja. Tulingoja tangu saa tano hadi saa nane. Watu walipita wakitutazama. Soksi ilifika kisiginoni. Hatimaye Pruett akatoka peke yake, sigara mdomoni.

"Kanali," Orcutt akasema akisimama, "dakika tatu."

"Una mbili."

"Hati ulizoshuhudia kwenye kivuko. Nakuomba uzitazame."

Rangi ya uso wa Kanali ikabadilika, kwanza ikawa nyeupe, kisha nyekundu hadi masikioni.

"Unanitishia, bwana?"

"La. Ningetaka kukutisha ningengoja kesho nisimame Bungeni. Nakuambia wakili kwa wakili. Sitalitaja kwa mtu, ukipiga hapana au ndiyo. Lakini kuna watu mjini kwako wanalala kwenye nyumba ambazo hati zake zilishuhudiwa majini. Leo hawajui. Siku moja atafika mtu mwenye viatu vinavyong'aa, atawajulisha."

Pruett akanigeukia. "Ni wewe mama uliyemletea habari hii?"

"Ni Bi Hanratty," nikasema. "Anakusalimu. Ananiambia siku ile upepo ulikuchukulia kofia."

Alinitazama sana. Pembe ya mdomo wake ikatikisika, sijui kwa hasira au kwa kitu kingine.

"Ilikuwa kofia nzuri sana," akasema, akaondoka.

Usiku ule Orcutt hakurudi kwa Kanali tena. Nilimwuliza kwa nini asiende kumbembeleza. Akasema mtu mwenye kiburi ukimsukuma mara mbili anarudi alikotoka. Akalala sakafuni kwake, nami kitandani kwangu nikahesabu mbao za dari.

Alhamisi saa nne roshani ilikuwa imejaa, maana gazeti lilikuwa limeahidi mchezo. Orcutt alisema maneno machache. Alisema amesikia wakimwita mjinga, na kwamba mjinga akijua alipokosea anafaa kazi moja, nayo ni kuwaonyesha wengine shimo lilipo. Akaketi. Spika akamwangalia Pruett, kila mtu akamwangalia Pruett. Pruett akawa anasafisha miwani.

Karani akaanza. Safari hii sikufuma, mikono yangu ilikuwa imeshika chuma cha roshani. Niliziweka hesabu kichwani kwa Kicheki, kwa sababu hesabu zangu za Kiingereza huyumba. Walipofika herufi ya O, Orcutt akajibu "Ndiyo" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa kama anataka chumvi. Nilikuwa na arobaini na moja.

"Pruett."

Akavaa miwani kwanza, akairekebisha.

"Ndiyo," akasema, kama mtu anayetema kokwa.

Bunge zima likavuma. Mtu mmoja akapiga mluzi. Spika akagonga nyundo. Na wale wanne? Mmoja alikuwa amekwisha kuitwa mapema na kusema hapana. Akainuka mbiombio, akaomba karani ambadilishie. Watatu majina yao yalikuwa bado hayajafikiwa, na kila mmoja, akiitwa, alimtazama kwanza Kanali, halafu akasema ndiyo. Karani akajumlisha, akajumlisha tena.

Hamsini na saba.

Orcutt aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yake yakawa hayasogei. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta kalamu yake iliyoanguka. Sikumwamini.

Baraza la juu lilipitisha bila kelele, na gavana akatia saini wiki iliyofuata. Orcutt hakungoja nakala ije kwa posta. Aliipata kwa katibu wa jimbo ikiwa na muhuri mwekundu, akaitia ndani ya shati na kurudi nayo mwenyewe.

Naliweka hapa hapa lililobaki la Bunge lake, kwa sababu watu huniuliza. Alikaa kipindi kimoja. Alijaribu kupitisha sheria ya mbwamwitu, ikashindwa, na ya daraja, ikapita, na daraja likachukuliwa na maji. Mwaka 1880 alishindwa kwa kura kumi na moja na mtu aliyekuwa anauza pampu za upepo. Akarudi nyuma ya duka la matandiko. Alinunua mnyororo wa kupimia, na tangu hapo hakugonga muhuri mahali popote bila kumwuliza mwenye nyumba, "Tupo wapi hapa?" Watoto walimwigiza njiani. Hakujali.

Jumatatu ya tatu ya Machi tulikwenda mahakamani Ketchum. Jamaa wote thelathini na wawili walikuja. Walioshindwa kuingia walisimama nje kwenye matope, na waliokuwa karibu na madirisha wakawa wanawapasha habari walio mbali. Veitch alikuwa mbele na mwanasheria wake kutoka Omaha. Orcutt akampa jaji ile nakala. Jaji alikuwa msomaji wa polepole, mwenye kidole kinachofuata mstari. Akasoma hadi mwisho. Akarudi juu akasoma tena tarehe.

"Hii imeanza kufanya kazi lini?"

"Siku ilipotiwa saini, Mheshimiwa Jaji. Siku ishirini na nne zilizopita."

"Kwa theluthi mbili?"

"Kura hamsini na saba. Zilihitajika hamsini na sita."

Mwanasheria wa Omaha akasimama akasema mteja wake amenunua kwa haki kabla ya sheria hiyo. Jaji akamwuliza Veitch kama aliponunua alijua kuna mtu anaishi na kulima pale. Veitch, nampa sifa yake, hakusema uongo.

"Nilijua," akasema. "Nilimkuta pale."

"Basi ulinunua kesi, bwana, hukununua shamba," jaji akasema. "Hati ya Bibi Vesela ni halali tangu siku iliposhuhudiwa. Dai limefutwa. Anayefuata."

Ilichukua muda mfupi kuliko kukanda unga. Nje walianza kupiga kelele kabla sijasimama, na Stroud alimkumbatia Orcutt akamwachia alama ya tumbaku kwenye kola. Niliketi pale benchini nikijifanya natafuta glavu.

Veitch akaja akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Bibi Vesela, hakuna uadui. Reli itapita mwakani kwa vyovyote. Sasa hati yako ni safi, nikikupa bei nzuri—"

"Bwana Veitch," nikamwambia, "njoo Agosti. Nitakuuzia ngano."

Akainama kidogo, akavaa kofia yake.

Tulirudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Ardhi ilikuwa imetoka chini ya theluji, nyeusi na laini, na kwa kuwa sikujua itakuwa ya nani, majira yote yale nilikuwa sijathubutu kutayarisha mbegu. Asubuhi niliwaamsha mabinti mapema. Mkubwa alishika maksai, mdogo akabeba kikapu, nami nikashika plau. Mfereji wa kwanza ulitoka umepinda vibaya sana. Sikurudi kuunyoosha. Niliwageuza maksai mwisho wa shamba, nikaanza wa pili.